Nani Ashike Testa

18 Machi 2020, Jumatano

Chuo kimefungwa. Tangazo limetukuta katikati ya somo, Loveness yuko juu ya ngazi anafunga holda ya taa, Bujiku yuko chini na testa ya kupimia umeme mkononi. Mkuu wa chuo, Bwana Theonest, alisimama mlangoni bila kuingia, akasema wanafunzi wote waende makwao leo leo kwa sababu ya korona. Loveness akaniuliza kama amalizie skrubu ya mwisho. Nikamwambia amalizie, korona itasubiri skrubu moja.

Jioni hii nimekaa nyumbani na ukimya, na mimi ukimya siuwezi. Ndiyo maana naandika. Mtu aliyefundisha umeme wa majumbani miaka kumi na miwili hapa Shinyanga amezoea kupiga kelele. Wanafunzi wananiita Mama Shoti wakidhani sisikii.

Darasani kwangu hakuna anayegusa waya peke yake. Anayefanya kazi anazima swichi kuu, anasema kwa sauti, "Nimekata." Mwenzake anachukua testa, anaigusisha kwenye waya, na akiona kitaa cha testa hakiwaki ndipo anajibu, "Umekata." Bila jibu hilo mikono inabaki mfukoni. Utaratibu huo sikuutoa kitabuni. Kwetu Didia tulilima pamba kwa wimbo: mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na sijawahi kuona mtu aliyekatwa mguu na jembe la jirani yake. Nikaona kinachofaa kwenye jembe kitafaa kwenye umeme.

23 Machi

Mkuu kanipigia. Anataka tuendelee kufundisha kwa simu. Nikamwuliza umeme unafundishwaje kwa simu. Akasema mwalimu wa hesabu ameshaanza. Nikamwambia hesabu haimpigi mtu shoti. Akacheka, lakini hakubadilisha neno.

27 Machi

Leo nimerekodi somo la kwanza. Simu nimeifunga kwenye mpini wa fagio kwa mpira wa baiskeli, fagio nimeliegemeza kwenye kiti, ubao wenye soketi na swichi nimeuweka mezani. Nikaeleza waya wa moto, nyutrali na waya wa ardhi mpaka koo likakauka, nikatuma kwenye kundi letu la WhatsApp.

Bujiku, aliyeko Didia, akaandika kwa adabu zote: "Asante mwalimu, somo zuri, tumeelewa." Wengine wakafuata, tumeelewa, tumeelewa. Ndipo nikaitazama ile video mwenyewe. Kuanzia mwanzo hadi mwisho inaonekana kiwiko changu tu.

28 Machi

Mvua. Nimerekodi upya.

2 Aprili

Nimewauliza kila mtu yuko wapi na ana nini cha kufanyia mazoezi. Bujiku anapanda juu ya kichuguu ndipo apate mtandao. Cornel yuko Kalangalala, pale Geita mjini, kapata kibarua kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu. Ujumbe wake wa sauti ni ngurumo tupu, na ndani ya ngurumo kuna mtu anasema shikamoo.

Loveness yuko Ushirombo kwa wakwe zake, na huyu ndiye anayenipa mawazo. Mume wake, Adam, yuko machimboni Geita, na tangu mwanzo hakutaka mke wake asomee umeme. Aliyesema asome ni baba mkwe, Mzee Mageni, mwenye mashine ya kusaga nafaka. Makubaliano yao ni kwamba asome hadi mtihani wa vitendo wa mwezi wa saba. Akifaulu, atakuwa fundi na hakuna atakayemsumbua. Akikwama, anarudi jembeni na maneno yameisha. Katika wanafunzi wangu wote wa mwaka wa pili, hakuna mwenye mkono mtulivu kama wa Loveness. Sasa mkono huo utakaa miezi mingapi bila kushika waya?

7 Aprili

Limao halishikiki sokoni. Kila nyumba wanajifukiza. Mtaa mzima unanuka mikaratusi.

10 Aprili, Ijumaa Kuu

Nimewafokea. Nilituma swali rahisi: mkiona waya wa ardhi haupo kwenye nyumba, mtafanyaje? Wakajibu wote, "Sawa mwalimu." Sawa nini? Nimeuliza swali, mnanipa sawa. Nikawatumia ujumbe wa sauti mrefu kuliko ibada ya leo. Nikawaambia kuuliza si ujinga, nikawaambia kimya chao kitakuja kumuua mtu. Wakajibu, "Sawa mwalimu."

Darasani nilikuwa siwaulizi kama wameelewa. Nilikuwa naangalia mikono. Mkono wa asiyeelewa unapapasa, unaushika waya kama unashika nyoka. Kwenye simu mikono siioni, nabaki na adabu zao, na adabu za watoto wa kwetu nazijua, maana ndizo nilizolelewa nazo. Mkubwa akishasema, wewe unasema ndiyo. Usichoelewa utakwenda kukimaliza na wenzako nyuma ya nyumba. Sasa hawana nyuma ya nyumba.

13 Aprili

Nimepata njia. Kila mmoja afanye kazi ndogo pale alipo: kufungua soketi, kubadilisha swichi, kufunga holda. Kabla ya kugusa anatuma ujumbe wa sauti, "Nimekata," nami namjibu, "Umekata." Angalau nitasikia sauti zao, na kama sauti inatetemeka nitajua.

Loveness alinipigia kuuliza kama ni lazima ajibiwe na mimi. Nikamwambia kama yupo mtu mzima nyumbani wa kumjibu, vizuri zaidi. Akaeleza kwa sauti ya chini: mama mkwe anashinda kwenye majaruba ya mpunga, Edward, anayeendesha mashine ya kusaga, hasikii kitu kwa kelele, anayebaki nyumbani mchana ni baba mkwe. Na baba mkwe hawezi kumwambia simama hapa, shika hiki, nijibu. Hapiti mbele yake bila kuinama, hampi kitu mkononi, anamwekea mezani na kuondoka. Hata jina lake halitamki. "Nitamwitaje anijibu, mwalimu?"

Nikamwambia basi nitakujibu mimi.

16 Aprili

Siku nzuri. Bujiku kabadilisha swichi ya duka la mjomba wake. Cornel kafunga taa chumbani kwake. Loveness kafunga holda mbili, picha zake zinafaa kuwekwa kitabuni. Kila mmoja "Nimekata," mimi "Umekata," kama tuko darasani. Mkuu Theonest kasikiliza baadhi ya sauti zile, akasema huu ni ubunifu na atautaja kwenye kikao cha walimu. Nami nikajiona. Sikatai, nilijiona.

19 Aprili

Mvua usiku kucha. "Nimekata" nne, "Umekata" nne.

21 Aprili

Naanza kuwajibu nikiwa napika.

23 Aprili, Alhamisi

Sijui nitamalizaje huu ukurasa.

Mchana nilikwenda dukani kwa Ramesh kununua waya wa kufundishia. Ramesh siku hizi kafunga kamba mlangoni, unasimama nje, unanawa kwenye ndoo, unasema shida yako, analeta. Tulikuwa kwenye foleni tumeachana kila mtu hatua zake, manyunyu yanatupata. Simu ikalia ujumbe. Ulikuwa wa Loveness: "Mwalimu, nabadilisha soketi ya sebuleni, ile iliyoungua. Nimekata." Nikabonyeza nikasema, "Umekata, mama, endelea." Nikairudisha simu kwenye pochi. Ramesh akaniuliza waya wa ukubwa gani, nikamwambia. Tukabishana kidogo juu ya rangi.

Nilipokuwa narudi, simu ikalia tena. Jina ni la Loveness, sauti ni ya mwanaume. "Wewe ndiye mwalimu? Mimi ni Edward, naendesha mashine hapa kwa Mzee Mageni. Mwanafunzi wako kapigwa shoti."

Nikamwuliza yuko hai. Akasema anapumua. Nikamwuliza tena, akasema tena anapumua, Mama, ndiyo tunampakia kwenye gari twende hospitali. Nikakaa chini palepale pembeni ya barabara, kwenye tope, na nguo yangu ya kazini.

Baadaye Edward kanieleza mambo yalivyokuwa. Loveness alizima swichi kuu ya nyumba, kama nilivyomfundisha. Lakini ile soketi ya sebuleni haikuwa kwenye umeme wa nyumba. Miaka iliyopita fundi mmoja wa mtaani alivuta waya kutoka kwenye umeme wa mashine ya kusaga, akaupitisha nyuma ya ukuta, asisumbuke na kazi ndefu. Nyumba ilikuwa imezimwa, sebule ilikuwa hai. Loveness alikuwa peku kwenye sakafu yenye unyevu. Waya ulimshika mkono wa kulia, ukamng'ang'ania. Aliyesikia yowe lake ni Mzee Mageni, aliyekuwa barazani. Aliingia na mabuti yake ya mpira, akaikamata kanga aliyojifunga Loveness kiunoni, akamvuta hadi wakaanguka wote wawili.

Mkwe kumshika mkamwana kiunoni. Edward alilisema hilo taratibu kuliko alivyosema mengine yote.

Testa ingewaka. Mtu yeyote mwenye testa pale angeona kitaa kinawaka. Na mimi nimejibu "Umekata" nikiwa kwenye foleni ya waya, Shinyanga, na sijaona chochote.

24 Aprili

Ameungua kiganja na vidole viwili. Moyo uko sawa, daktari kasema. Nimelia.

25 Aprili

Adam kapiga kutoka machimboni. Hakunisalimia, na mimi sikutegemea salamu. Akasema, "Mwalimu, mke wangu kasoma umeme vya kutosha." Nikamwambia nina makosa, anisikilize. Akasema kusikiliza kumeshamfikisha mke wake hospitali. Mtihani asahau, chuo asahau. Akakata.

Nimemwambia Mkuu nasimamisha masomo ya vitendo. Akakubali haraka sana, na hakuutaja tena ubunifu.

29 Aprili

Bujiku kauliza kwenye kundi kama kuna somo. Sikujibu.

3 Mei, Jumapili

Loveness katoka hospitali. Jioni alinitumia ujumbe wa sauti, na nimeusikiliza mara nyingi mpaka naweza kuuandika ulivyo.

"Shikamoo mwalimu. Usijilaumu. Testa nilikuwa nayo, ilikuwa mfukoni mwa sketi. Nilitaka kupima. Lakini ulikuwa umeshanijibu. Nikasema moyoni, mwalimu keshasema umekata, halafu mimi nichukue testa nipime? Ni kama ningekuwa nakupima wewe. Ningekupimaje wewe, mwalimu?"

Nimeijua heshima maisha yangu yote, na nimewafundisha watoto wa watu kuwa nayo. Sijawahi kudhani inaweza kuzuia mkono usiingie mfukoni. Darasani testa ilikuwa kwa mwenzake, rika lake, anayeweza kumwambia acha ujinga, hujakata. Mimi nilichukua kazi ya mwenzake bila kuchukua testa yake. Nikabakiza neno tu, na neno la mwalimu kwa mtoto kama Loveness lina nguvu kuliko kitaa chochote.

Nilikuwa nawakasirikia kwa "sawa mwalimu" zao. Sasa najionea aibu, maana kumbe nilizipenda.

4 Mei

Nimewaandikia wote. Nimewaeleza kilichotokea na kosa lilikuwa la nani. Nimewaambia asiguse mtu waya mpaka tutakapoonana uso kwa uso. Kwa mara ya kwanza tangu Machi hakuna aliyejibu "sawa mwalimu." Cornel kauliza, "Sasa mwalimu, ina maana zile taa za chumbani kwangu nazo hukuwa umeona?" Nimemjibu hapana, sikuwa nimeona. Kauliza tena, "Hata moja?" Hata moja, Cornel.

11 Mei

Jua limetoka siku tatu mfululizo. Kule kwetu watakuwa wameanza kuvuna mpunga. Nimemtumia Loveness salamu, kajibu kwamba anaweza kukunja vidole lakini haviendi mpaka mwisho. Sikumuuliza habari ya mtihani.

18 Mei

Namba nisiyoijua. "Mwadila, mayu." Salamu ya Kisukuma, mayu ndiyo mama, kwa sauti nzito, ya taratibu. Mzee Mageni. Nikasimama, kana kwamba ananiona. Nikampa shikamoo yake, akaitikia, akauliza mvua za Shinyanga, akauliza watu wangu wa Didia, nami nilikuwa nasubiri rungu. Mwishowe akasema, "Naomba uje Ushirombo. Neno hili si la simu."

20 Mei

Kesho nakwenda. Naogopa kama sijawahi kufundisha. Nikifika nitasema nini kwa mtu niliyemuunguzia mkamwana wake? Na kama kaniita kunitangazia kwamba mtoto harudi chuo, nitambishia kwa uso gani?

22 Mei, nimerudi

Nimelala basi zima kutoka Kahama, ndiyo sasa naandika.

Nilifika kwa Mzee Mageni mchana. Ni nyumba ya bati, kubwa kiasi, na mashine ya kusaga iko ng'ambo ya uwanja. Mzee ni mtu mrefu, mkimya, kavaa barakoa aliyoshonewa kwa kitenge. Alininyooshea kiti kwa mbali. Korona ilituokoa wote wawili na aibu ya kushikana mikono. Loveness alikaa mlango wa nyuma, kwenye ngazi ya jikoni, katupa mgongo kama desturi inavyotaka, anasikia bila kuwa nasi. Nilimwona mkono. Ngozi imekuwa nyeupe na nyekundu, vidole viwili vimepinda.

Sikusubiri chai. Nilimwambia Mzee kwamba kosa ni langu, kwamba nilijibu kitu nisichokiona, na nimekuja kuomba radhi kwake na kwa mtoto. 

Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Pole yako nimeipokea, mayu. Lakini sikukuitia pole. Nimekuita unifundishe kile kibisibisi chenye taa."

Sikumwelewa. Akaendelea, na huyu mzee akiongea hakimbizwi na mtu. Wazee wa ukoo walikuja baada ya ile siku, wakasema amemshika mkamwana kiunoni, hilo ni zito, lazima atoe mbuzi. Akatoa mbuzi, wakala, wakafuta midomo, wakaenda. "Nikabaki najiuliza. Mimi nilikuwa hapa barazani. Siku zote nipo hapa barazani. Na mtoto huyu ndani ya nyumba yangu anamuuliza mtu wa Shinyanga kama umeme wangu umezimika, kwa sababu mimi haniulizi. Ule ukwe wetu, mayu, uliungua na ile soketi. Siwezi kujifanya bado upo mzima."

Nikamwuliza kuhusu Adam. Akakuna kidevu. "Adam ana hasira za mtu aliye mbali. Ni mwanangu, namjua, nitamalizana naye. Wewe nawe ulikuwa na jibu la mtu aliye mbali." Alilisema bila ukali wowote, na liliniingia kuliko yote ya Adam. "Mtoto atafanya mtihani wake. Lakini hapa kwangu atafanya mazoezi na mtu aliye karibu."

Kutoka jikoni nikasikia Loveness anavuta kamasi.

Basi nikamfundisha. Nilimwonyesha Mzee kushika testa, kidole kwenye kichwa cha chuma, ncha kwenye waya. Nikampeleka kwenye soketi nzima iliyo hai, kitaa kikawaka, akarudi nyuma hatua moja, akacheka kidogo chini ya barakoa. Nikamwambia kazi yake ni moja: asimsikilize mtu, aangalie kitaa. Kikiwaka, aseme bado. Akauliza, "Hata kama wewe umeshasema umeme umezimwa?" Nikamwambia hasa hapo.

Halafu tukaifanya ile soketi yenyewe, ambayo tangu siku ile ilikuwa imening'inia ukutani na hakuna aliyethubutu kuisogelea. Nilikwenda na Loveness. Akazima swichi kuu ya nyumba, nikaona kwa macho yangu. Tukavuka uwanja, akazima swichi ya mashine, nikaona kwa macho yangu. Edward alikuwepo, tukamwambia. Tukarudi ndani. Loveness kavaa viatu vya mpira vya mama mkwe wake, vinampwaya. Akapiga magoti mbele ya soketi, bisibisi mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia bado haujapata nguvu. Mzee akasimama kando yake, karibu kuliko alivyowahi kusimama, na wote wawili hawajui waangalie wapi.

Loveness akasema, kwa sauti ndogo ambayo darasani ningeifokea, "Nimekata."

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Miaka kumi na miwili ya mazoea, na swichi zote mbili nimeziona zikishuka. Ningeapa mbele ya padri. Nikajiziba kwa kiganja.

Mzee akainama, akagusisha testa. Kitaa kikawaka chekundu.

"Bado," akasema.

Tulitazamana wote watatu. Mzee akatoka mlangoni akaita, na Edward akaitikia kutoka kwenye mashine kwamba karudisha swichi kidogo tu, achaji simu. Mambo aliyoambiwa hapo sitayaandika. Mimi safari hii nilikuwepo, nilikuwa na macho, nilikuwa na kila kitu nilichokosa siku ile, na bado ningemwambia mtoto endelea.

Loveness alivuka uwanja peke yake, akazima upya, akamwachia Edward neno moja lililomfanya asogee mbali na ile swichi, akarudi, akapiga magoti palepale. Safari hii sauti ilitoka. "Nimekata."

Mzee akapima. Waya wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha akarudia wa kwanza. Kitaa kimya. Akanyanyuka taratibu akinitazama mimi, kama mtu anayeomba ruhusa.

"Usiniangalie mimi, Mzee," nikamwambia. "Anayesubiri jibu ni yeye."

Akageuka. Loveness alikuwa ameinua uso, kwa mazoea akaanza kuuinamisha, kisha akauacha pale pale juu. Mzee Mageni akamtazama mkamwana wake usoni, akamwita mwanangu, na akamjibu.